Midomo Ndani

Tangu alfajiri mjane alikuwa ameketi katikati ya mizani ya malori, juu ya kipande cha turubai, miguu ameinyoosha mbele yake. Malori manane yalipanga foleni nyuma yake na hakuna dereva hata mmoja aliyethubutu kumpigia honi. Lori lisilopimwa halitoki getini. Ndiyo sheria ya ghala la nafaka, na mjane aliijua vizuri, maana mumewe alikuwa mpimaji wa nafaka hapo kwa miaka kumi na tisa. Jana mumewe alitolewa chini ya magunia, ameshakufa.

Mpelelezi alichuchumaa mbele yake. Kituoni mpelelezi huyu walimwita Mama Tena, kwa sababu kila aliyemaliza kujieleza mbele yake aliambiwa neno hilo moja: tena. Mkuu wa kituo alikuwa amempa hadi saa nane mchana. Baada ya hapo askari wangemwinua mjane kwa mikono na malori yangeondoka.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa sana, afande. Jana nimepewa pole na watu mia. Wewe niambie nani kamuua mume wangu, niondoke hapa nikazike."

"Meneja anasema ni ajali. Rundo la magunia liliporomoka."

"Meneja na aseme. Mume wangu kalala na magunia kuliko alivyolala na mimi. Rundo likitaka kuporomoka linaanza kulia saa nzima kabla, na yeye alikuwa analisikia akiwa nje." Mjane alielekeza kidole kwenye malori. "Shehena ya kumi na saba hiyo. Juzi usiku aliniambia ina sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Akasema, kesho napima mara ya pili, yakiwa yaleyale natia sahihi, ichomwe moto. Leo naona inapelekwa kwa watoto wa shule za bweni. Hawapiti hapa. Labda wanikanyage."

Kaka wa mjane alikuwa amesimama kando na kikombe cha maji. Alikuwa mrefu, macho mekundu kwa kukesha, na ndiye nyapara wa makuli wa ghala. Watu walimwita Timazi, kwa sababu rundo alilolisimamia lilinyooka toka chini hadi juu. Usiku kucha alikuwa na dada yake chumba cha maiti, akitafuta sanda na kujadiliana na wachimba kaburi.

"Kunywa maji, mdogo wangu," alisema. "Shemeji asingependa kukuona hivi."

Mjane alikunywa. Mpelelezi alisimama, akafuta magoti yake, akaingia ghalani.

Ndani kulikuwa na hewa nzito ya vumbi na mahindi makavu. Marundo yalipanda karibu na paa, kila moja juu ya chaga za mbao zilizoyainua kutoka sakafuni. La kumi na saba, ambalo sehemu yake ilikuwa imeshapakiwa malorini, lilikuwa mwisho kabisa, ukutani. Kona yake moja ilikuwa imebomoka na magunia kama arobaini yalilala chini yamepandana. Koplo alikuwa amekaa juu ya ndoo pembeni, akiyalinda. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na alikuwa amebakiza miezi hiyohiyo kwa mwaka wa pili sasa.

"Sijagusa, na sijaruhusu mtu kugusa," alisema. "Meneja kaja mara nne anataka pasafishwe. Nimemwambia asubiri nistaafu."

"Mwili ulitolewaje?"

"Kwa pembeni hapa. Saa tisa kuli mmoja kaona kiatu, kapiga kelele. Mimi nikafika. Yule bwana alikuwa ameshakuwa wa baridi, kwa hiyo nikasema hatuna haraka. Kila gunia nimelipiga picha kabla halijaondolewa. Yaliondolewa saba tu, tukamvuta. Mengine yako vilevile."

Mpelelezi alipiga magoti sakafuni na kuwasha tochi. Magunia ya juu yalikuwa yamelala ovyo, moja limesimama kwa kichwa, moja limepasuka. Hiyo ndiyo sura ya kitu kilichoanguka. Lakini alipoingiza mkono kwenye pango alimotolewa marehemu, aliona mambo mengine. Huku na huku palikuwa na magunia mawili mawili yaliyolazwa kwa urefu. Juu yake mengine yalikuwa yamekingamishwa kama boriti, yakishikana.

"Koplo, hebu niambie. Magunia yakianguka, yanajipanga?"

"Kwangu mimi hata nguo zikianguka kutoka kwenye kamba hazijipangi."

"Midomo yake iko wapi?"

Koplo aliinama, magoti yakalia. Mdomo wa gunia ni ule upande ulioshonwa. Alimulika gunia moja, la pili, la tatu. "Yote imetazama ndani," alisema polepole. "Kwa marehemu."

Simu ya mpelelezi ililia. Alikuwa daktari wa chumba cha maiti, mtu asiyependa salamu ndefu.

"Ana jeraha nyuma ya kichwa. Ameanguka chali kutoka juu, kapiga sakafu. Ngozi imepasuka, fuvu halijavunjika. Jeraha la kushonwa nyuzi nane, tisa."

"Halikumuua?"

"Lilimlaza tu. Sasa sikia. Hana ubavu uliovunjika. Hata mmoja. Wameniambia kaangukiwa na magunia arobaini ya kilo hamsini. Haiwezekani. Angekuwa chapati."

"Amekufa na nini, daktari?"

"Amekosa hewa. Vumbi la mahindi limejaa puani na kwenye koromeo, limeshuka mpaka chini. Alikuwa anavuta pumzi humo ndani. Nusu saa, pengine saa nzima."

Mpelelezi alikata simu na kubaki amepiga magoti. Kwa kazi yake alikuwa ameona waliokatwa na waliochomwa, na usingizi wake haukupotea. Hili lilimchukiza. Mtu alikuwa amemjengea mwenzake nyumba isiyo na dirisha, akamwacha humo akipumua.

"Siyo ajali," alimwambia koplo. "Twende kwa meneja."

Ofisi ya meneja ilikuwa na feni mbovu na kalenda ya mwaka uliopita. Mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, shati limelowa kwapani. Alianza kusema kabla hajaulizwa.

"Afande, mimi naelewa huzuni ya yule mama, lakini shule nane zinasubiri. Mahindi ni safi. Angalia mwenyewe, meupe kama meno ya mtoto."

"Sumukuvu haionekani kwa macho, meneja. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Jana saa saba hadi saa tisa ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuwa nakula."

"Makuli?"

"Wote kumi na wanne walikuwa bandani getini, wanakula. Mlinzi aliwaona. Mpimaji peke yake alibaki juu ya rundo na bambo lake." Bambo ni kile chuma chembamba chenye uwazi ambacho mpimaji hukichoma ubavuni mwa gunia, kikarudi na punje za kutoka ndani.

"Katika maelezo uliyoandika jana," mpelelezi alisema, akifungua daftari, "umesema mpimaji alikuwa bado hajatia sahihi fomu ya kuikataa shehena."

"Ndiyo."

"Fomu iko wapi?"

"Haijapatikana."

"Sasa fomu ambayo haijapatikana, wewe umejuaje haina sahihi?"

Meneja alifungua kifungo cha juu cha shati.

"Tena," alisema mpelelezi. "Anza upya. Saa saba."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia kwenye droo ya chini. Aliifungua kwa ufunguo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na muhuri, tarehe ya jana, majibu ya vipimo viwili na sahihi ya marehemu. Chini marehemu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: ICHOMWE. ISILIWE NA MTU WALA MNYAMA.

"Sikumuua," alisema meneja. "Wallahi sikumuua. Niliingia saa nane kasoro kumwita. Nikakuta kona imebomoka, ubao wake wa kuandikia uko chini, na hii fomu. Wizara inanipigia kila siku, mahindi, mahindi. Nikasema, kama yeye hayupo na fomu haipo..."

"Ulikiona kiatu?"

Meneja alitazama feni.

"Meneja. Ulikiona kiatu?"

"Nilikiona."

"Ukaondoka."

"Nilidhani ameshakufa. Mtu kaangukiwa na magunia yote yale, utadhani nini?"

Mpelelezi alimwambia alichoambiwa na daktari. Alimwambia taratibu, bila kupandisha sauti, na alitaka kila neno limuume. Meneja alikaa kwenye kiti chake, akaufunika uso wake kwa mikono. Koplo, ambaye alikuwa na utani na kila mtu, hakuwa na utani na huyu.

"Wewe utashtakiwa kwa hilo," alisema mpelelezi. "Na shehena inafungiwa sasa hivi. Koplo, waambie madereva wazime injini, na tukimaliza humo ndani weka lakiri mlangoni."

"Na yule mama je?"

"Yule mama hakuuliza habari za malori. Ameuliza nani." Alimgeukia meneja. "Njoo kwanza. Nataka unibebee gunia."

Walirudi ghalani. Meneja alijaribu mara mbili kuinua gunia la kilo hamsini, mara ya tatu akaliburuta, likamponyoka, likalala upande likiwa limeonyesha mdomo wake mlangoni. Hakuligeuza. Wala hakujua kwamba kuna kugeuza.

"Inatosha. Hii shehena ya kumi na saba imetoka wapi?"

"Bondeni," meneja alisema akihema. "Mvua iliwakuta wakulima wakati mahindi yako juani yanakauka. Ni mavuno ya kijiji kizima, afande, na mwaka jana na mwaka juzi hawakuvuna kitu. Hawakutaka hata kuleta huku. Timazi ndiye aliyewabembeleza. Ni kwao."

"Kwao, maana yake kwao na mjane."

"Ndiyo. Marehemu alikuwa mkwe wa kijiji kile."

Mpelelezi alimtuma koplo awaite makuli watatu, wale wa zamani zaidi. Waliingia wakijifuta jasho, wamekunja uso. Aliwaambia kila mmoja alaze magunia sita sakafuni, haraka, kama wanavyofanya kila siku. Walifanya. Kila gunia liligeuzwa mdomo ndani.

"Kwa nini mnageuza?"

Kuli mzee kuliko wenzake alicheka kidogo. "Ukiacha mdomo nje, uzi ukikatika unamwaga. Na mwizi anachota bila kugusa rundo. Mtoto wa kuli anajua hilo kabla hajajua kusoma. Hata ukiniamsha usingizini, afande, nitageuza."

Kwa hiyo ni kuli. Lakini makuli kumi na wanne walikuwa bandani wakila. Mpelelezi aliwasha simu ya koplo, akatazama zile picha saba. Gunia likishonwa, pembe mbili za mdomo hubaki zimechomoza. Makuli huziita masikio. Alitazama magunia yaliyolazwa sakafuni. Masikio yote yalikuwa wima. Akatazama picha. Hakuna sikio lililoonekana.

"Nani kati yenu anakunja masikio?"

Makuli watatu walitazamana. Sasa hakuna aliyecheka.

"Sisi hatukunji," alisema yule mzee. "Ni kupoteza muda."

"Sijauliza nani hakunji."

Yule mzee aligeuza uso wake ukutani. Mwenzake alijibu kwa sauti ya chini, kama anayemtaja mgonjwa. "Tunamtania kila siku. Tunamwambia unalifunika gunia kama mama anayemlaza mtoto."

Timazi aliitwa peke yake. Alipofika, wengine wote walikuwa wametoka, isipokuwa koplo aliyesimama mlangoni. Alikuwa bado ameshika kikombe cha dada yake. Alikiweka juu ya chaga.

"Jana saa saba ulikuwa wapi?" mpelelezi aliuliza.

"Nyuma ya ghala. Nashona turubai."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mlinzi hakukuona bandani."

"Ningeonekana bandani vipi na mimi niko nyuma?"

"Sawa. Nisaidie kitu kimoja. Yale magunia pale, sita. Nitupie hapa sakafuni. Usipange. Tupa tu ovyo, kama takataka."

Timazi alienda, akabeba la kwanza, akalitupa. Lilianguka upande, mdomo nje. Alilitupa la pili. Alipolileta la tatu, mguu wake ulikuwa umeshalisukuma la kwanza likae sawa. La tatu alilitua. La nne alilikingamisha juu ya hayo mengine, na vidole gumba vyake vikaingia vyenyewe chini ya pembe, kushoto na kulia, vikakunja masikio.

Alisimama hapo ameinama, mikono bado iko kwenye gunia. Mpelelezi alimnyooshea simu yenye picha. Hakuichukua. Aliitazama tu, na mabega yake yakashuka.

"Mazoea," alisema.

"Niambie."

Alikaa juu ya gunia. Alisema kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kuyasema yote usiku, kimoyomoyo.

"Nilipanda juu kumsihi. Nikamwambia, shemeji, toa sampuli kwenye magunia mengine. Achana na haya ya pembeni. Akasema nimetoa kwenye magunia sitini, ni yaleyale. Nikamwambia, wazee wamelala njaa miaka miwili. Wameniamini mimi. Mahindi haya tumekula tangu tumezaliwa na hatukufa. Akasema, wangapi mmewazika wana matumbo yamevimba na ini limeharibika, mkasema wamerogwa?" Timazi aligusa mshono wa gunia alilokalia. "Kisha akatia sahihi mbele yangu. Nikaishika ile karatasi. Akavuta. Nikaiachia, afande. Niliiachia, naye alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote, akaenda kinyumenyume."

"Akaanguka."

"Chali. Sikusikia hata akilalamika. Nikashuka, damu imetapakaa, hatikisiki. Nikamwita, haitiki. Nikajua nimemuua mume wa dada yangu."

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Nani angeamini? Watu wote wanajua nilikuwa nataka nini." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikasema niangushe kona, ionekane rundo limemwangukia. Lakini nilishindwa kumwangushia. Ni shemeji yangu. Kanifundisha kusoma, mimi mtu mzima, kwenye hayo hayo magunia. Nikamjengea kwanza pembeni, nikafunika juu, ili yakianguka yasimponde. Nikapanga vizuri. Halafu ndipo nikabomoa. Ile karatasi sikuikumbuka tena."

Koplo alikohoa mlangoni. Mpelelezi alijua linalokuja. Hakulitaka.

"Hakuumia, sivyo?" Timazi aliuliza. "Alikufa palepale."

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna sheria inayomlazimisha mpelelezi kumweleza mtuhumiwa alichosema daktari. Lakini mahakamani yangesomwa kwa sauti, dada mtu akiwa amekaa benchi la mbele.

"Hapana," alisema. "Jeraha lilikuwa la kushonwa. Alizimia tu. Amekufa kwa kukosa hewa humo ulimomweka. Hukuacha hata upenyo."

Timazi alimtazama kana kwamba hajasikia. Kisha kitu kilimtoka kifuani, sauti ya mtu anayebebeshwa mzigo uliomzidi, na akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Mpelelezi alimwacha. Yeye mwenyewe alikuwa amefiwa na mume hospitali, mikononi mwa watu waliojaribu kumwokoa, na siku zote alidhani hakuna msiba mbaya kuliko ule.

Walitoka saa nane kamili. Mpelelezi hakumfunga pingu. Alimwambia koplo atembee karibu. Madereva walikuwa wamezima injini na uwanja ulikuwa kimya. Mjane aliwaona wakija, akasimama kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akajishika kiuno kwa maumivu. Hakumtazama mpelelezi. Alimwendea kaka yake, kwa sababu ndiye mtu aliyembakia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wamefunga mlango, nimeona," alisema. "Yatachomwa kama alivyotaka. Haya, kaka. Wewe ulikuwa ndani nao. Wamekuambia ni nani?"

Timazi aliutazama mkono wake ndani ya mikono ya dada yake. Alijaribu kuutoa taratibu. Dada hakuuachia.

"Kaka, niambie tu. Nitavumilia. Ni nani?"

"Niachie kwanza mkono, mdogo wangu," alisema, "ndipo nikuambie."